Niliona kano ya goti langu ikishonwa, kisha nikaenda kuijaribu mwenyewe

Wakuu, poleni na majukumu.

Kuna mtu kaulizia humu habari za upasuaji wa goti, nikaona na mimi niseme yangu. Sitii chumvi. Goti ni langu, na ujinga ni wangu pia.

Mimi ni fundi viatu, niko Nkuhungu hapa Dodoma. Jumapili moja tulicheza mechi ya wazee wa mtaa. Nikageuka kumkwepa beki, mguu ukabaki, mwili ukaenda. Nikasikia "ko!" ndani ya goti.

Vipimo vikaonyesha ACL imekatika. Hiyo ni kano ya katikati ya goti, inayozuia mfupa wa chini usichomoke kwenda mbele. Wanachokifanya ni kuchukua kano nyingine nyuma ya paja lako mwenyewe, wanaikunja, wanashona ncha zake, wanaipitisha kwenye matundu waliyotoboa mfupani, wanaikaza. Hiyo wanaiita graft.

Nilichomwa sindano ya mgongo. Kuanzia kiunoni kushuka sikuwa na habari, ila kichwa kilikuwa macho kabisa. Afadhali ningelala.

Pembeni kulikuwa na meza ndogo. Daktari kijana amekaa, mbele yake kuna kitu cheupe kimevutwa kwenye ubao, kama kamba ya kiatu iliyolowa. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ile ni nyama yangu.

Alikuwa anashona. Na mimi nikiona mtu anashona, siwezi kuangalia pembeni.

Anatoboa, anazungusha, anatoboa, anazungusha, kama mtu anayefunga mdomo wa gunia. Hafungi hatua, yaani uzi haujibani wenyewe kila tundu. Kwenye ngozi, mshono wa hivyo ukivutwa kwa nguvu uzi unateleza, au unachana kabisa. Nilitaka kusema. Nikajiuliza, wewe mshona makubazi utamfundisha daktari?

Mkubwa wake, daktari bingwa, mama mmoja wa sauti ya chini, akasogea. Akashika zile nyuzi, akavuta.

"Unaona? Unateleza," akasema. "Toa, rudia. Safari hii funga kila hatua. Na sindano isichome uzi wa kwanza, utaukata."

"Sawa, dokta."

"Taratibu. Hii ikichanika tunahamia mguu wa pili kuchukua nyingine."

Mguu wa pili! Mabega yakaanza kunitetemeka. Muuguzi akadhani nasikia baridi, akaniongezea shuka.

Kijana akarudia, na sifa zake nampa. Kila hatua alipitisha uzi chini ya ule wa nyuma ndipo anakaza. Bingwa akavuta, ukashika. Wakaiacha kano imevutwa pale ubaoni kwa muda, ili kama ni kulegea ilegee mezani kabla haijaingia mwilini. Nikamshukuru Mungu kwa sauti, theatre nzima wakasikia.

Siku ya kuruhusiwa bingwa akaniambia, "Fundi, kwa sasa hiyo kano imeshikwa na uzi na skrubu tu. Mpaka igandane na mfupa ni miezi. Usiilazimishe."

Nilimwelewa vizuri mno. Ni habari ya gundi hiyo. Uzi unashikilia, gundi inakauka. Wateja wangu nawaimbia hayo kila siku.

Sasa sikilizeni nilichofanya.

Kibandani kwangu kiatu hakitoki bila kuvutwa. Nakanyaga soli, nashika juu kwa mikono miwili, navuta. Ndivyo nilivyofundishwa kazi. Na kwa wiki tatu nyumbani, kila nikifumba macho nauona ule mshono wa kwanza ukiteleza. Je, huu wa pili? Bila kuvuta, fundi hajui.

Asubuhi moja mke wangu, Mama Neema, kaenda sokoni. Nikakaa kwenye kiti, nikaingiza mguu chini ya ubao wa meza ya kazi, nikausukuma juu kama mtu anayepiga mpira. Kwanza taratibu. Umeshika. Nikaongeza nguvu.

"Ko."

Ndogo, lakini niliifahamu. Nilikaa pale pale, sithubutu hata kuushusha mguu.

Mama Neema akanikuta hivyo. "Baba Neema, mbona jasho linakutoka na hujafanya kitu?"

"Joto," nikamjibu. Ilikuwa mwezi wa sita, wana Dodoma mnajua baridi yake.

Nilificha siku tatu. Goti lilipovimba mpaka suruali ikakataa, nikamwambia ukweli, tukarudi hospitali.

Bingwa alinilaza, akashika mguu chini ya goti, akavuta mfupa kuja mbele. Akahamia mguu mzima, akavuta. Akarudi.

"Ulifanya nini?"

Nikaeleza yote. Akaniangalia.

"Mteja akikurudishia kiatu ulichogundisha jana, kimebanduka, unamwuliza nini?"

"Namwuliza nani alikutuma uvae."

Hakucheka. "Haijakatika. Ila imelegea kidogo, na niliiacha imekaza."

Wakuu, mshono wao ulikuwa sawa. Uliulizwa mezani, ukajibu. Aliyeulegeza ni mimi, kwa kutafuta uhakika.

Sasa ni miezi minane tangu upasuaji. Natembea, kazi nafanya, mpira basi tena. Goti huwa linanicheza nikishuka ngazi, naweka mkono ukutani.

Juzi mteja kapokea kiatu, akaanza kubetua soli kwa kidole gumba aone kama imeshika. Nilimpigia ukelele mpaka kiatu kikamdondoka. Masikini, hakujua nilikuwa namfokea nani.

Funzo langu ni hilo: ukishonwa, mwache aliyekushona ndiye apime. Mwenye swali aulize, mwenye kunicheka acheke, nimestahili.

Ila kama yupo humu aliyepitia goti, naomba anijibu moja tu. Hii hofu ya kushuka ngazi, huwa inaisha?