Ndugu wa Bibi Karen

Juzi, kwenye duka la mitumba, niliona kikapu cha picha za Wazungu wa zamani, nikakumbuka mchana mmoja wa utotoni jikoni kwa Bibi Karen, mzee aliyekuwa akitunzwa na mama kule Inver Grove Heights, Marekani. Nyumba ilinukia mkate wa iliki. Mezani alikuwa ametandaza picha za watu wasiotabasamu.

"Natafuta ndugu zangu wa Norwe," aliniambia.

Kwetu sisi tuliotoka Kongo, kutafuta ndugu kulikuwa na maana moja tu: mlipoteana mkikimbia vita. Sikujua kwamba kuna watu hutafuta hata waliokufa zamani, kwa hamu tu ya kuwajua. Basi aliponikatia mkate, niliuombea kwa sauti kama nilivyofundishwa, nikamsihi Mungu awarudishe ndugu za Bibi Karen wakiwa hai.

Hakucheka. Alimgeukia mama. "Na wewe, unamtafuta nani?"

Mama, aliyekuwa akiosha vikombe, alifunga bomba. "Dada yangu, Nabintu."

Nilikuwa nimekua hadi kuanza shule bila kulisikia jina hilo.

Bibi Karen alisogeza picha zake pembeni, akatuachia nafasi mezani. Hatukuwa na picha ya kuweka.