Mrehani Kwenye Supu

Mwaka aliokufa baba nilikuwa na miaka saba, na shida zikaanza hapo.

Juzi mjukuu wangu alinipeleka mkahawa wa Wavietnamu hapa Stechford, Birmingham, Uingereza. Supu ikaja na sahani ya majani mabichi. Harufu ikanipanda kichwani: mrehani. Kwetu Mombasa wanawake waliutawanya juu ya jeneza la baba, nami nikaamini ni jani la maiti, atakayelila atamfuata maiti.

Alasiri ile ya mazishi nilimkuta mdogo wangu Mwanaidi analitafuna.

"Tema."

"Nishameza."

Nikamwandama jikoni, uani, hata mlango wa choo. Alipolala nilimwekea kidole puani nione kama anapumua. Akaamka na kunizaba kofi.

"Utaniacha lini wewe?"

"Ukishakufa," nikamwambia, nikilia.

Leo najua ni kiungo tu. Hata hivyo pale mkahawani ile sahani niliisogeza mbali na mjukuu.

"Bibi, ni majani tu."

"Kunywa supu yako."

Shule sikusoma, maana baada ya baba kufa hakukuwa na wa kunilipia. Lakini leo nina nyumba Sparkbrook, mtaa mwingine wa mji huu, duka la vitambaa, gari la mizigo, na dada mzima anayenipigia simu kila Ijumaa kunigombeza.