Mama Rimoti na mwizi wa bando

Saa nne asubuhi, Mama Rimoti amepiga magoti mbele ya kabati la televisheni katika kibanda cha kinyozi. Kichwa na mabega vimezama ndani, nje imebaki miguu tu. Sauti yake inatoka humo kana kwamba kabati ndilo linaloongea.

"Kaka, niambie ubaya wake kwanza. Uzuri naujua, ndio ninaouza."

Kinyozi anacheka, mashine ikiwa bado inanguruma juu ya kichwa cha mteja. Ubaya ni mmoja tu, anasema. Tangu kisanduku kifungwe, watu wakishanyolewa hawaondoki. "Namfuta nywele, nampaka poda, namvua shuka. Bado kakaa! Ananiambia ngoja kipindi kiishe. Na kikiisha, kinaanza kingine."

Mama Rimoti anachomoka kabatini na utando wa buibui kwenye kilemba. "Hayo nitayasema dukani," anasema bila kutania. "Akija kinyozi mwingine kununua, lazima ayajue."

Kisanduku chenyewe hakizidi kipande cha sabuni ya kufulia. Kinachomekwa nyuma ya televisheni, kinaunganishwa na intaneti, na kuanzia hapo mwenye nyumba anatazama filamu na vipindi anavyotaka, saa anayotaka. Kukifunga ni kazi ya nusu saa. Mafundi wengine wakishamaliza hiyo nusu saa, mlango huo hawaugusi tena.

Mama Rimoti hurudi. Baada ya wiki mbili tatu utamwona mlangoni anapiga hodi, mkoba begani, anauliza watu wanakionaje. Hakuna aliyemtuma. Na maoni anayoyapata, matamu na machungu, huyamwaga yote mbele ya mnunuzi anayefuata.

Anayo mengi. Mzee mmoja aliyestaafu reli bado ana kinyongo. "Kinaniuliza kama bado natazama," alimwambia. "Nikakijibu kwa adabu, ndiyo. Kikanyamaza, kimeganda vilevile. Sasa ya nini kuuliza kama hutaki kujibiwa?" Mama mmoja wa mapacha, kwa upande wake, hataki kusikia kikisemwa vibaya. "Hiki ndicho msaidizi wangu wa kazi," alisema. "Haombi likizo, wala hasengenyi."

Kabla ya kazi hii, Mama Rimoti alishona kola za mashati kiwandani kwa miaka tisa. Kola tu. Shati lenyewe, anasema, alikuwa akikutana nalo mtaani kama watu wengine. "Sikuwahi kujua kama ile kola inambana mtu shingo. Nikishashona, inaenda. Kiwanda kilipofungwa nililia, lakini sikukililia kile kiti."

Aliyempa kazi ni shemeji yake, mume wa dada yake, mwenye duka la vifaa vya umeme. Humlipa kwa kila kisanduku kinachobaki kwa mnunuzi. Kikirudishwa, hapati kitu, na duka linakula hasara. Kwa mwezi mzuri hufunga visanduku ishirini, na hela hiyo ndiyo iliyomfikisha binti yake wa pekee chuoni.

Shemeji huyo si mtu mbaya, ila ana wasiwasi wa mtu mwenye kodi ya duka. Mwezi huu visanduku viwili vimerudishwa, na yeye anailaumu miguu ya Mama Rimoti. "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza," anasema. "Sasa yeye anakitembeza cha nini? Mtu alikuwa ametulia na kitu chake, unamwendea kumuuliza kina ubaya gani. Si atautafuta?"

Kwa hiyo ametoa neno. Kikirudi cha tatu, au akipigiwa simu moja tu ya malalamiko, basi kuzunguka kumekwisha. Mama Rimoti atakaa kaunta, na kufunga atafunga kijana mwingine. Leo anaelekea kwenye nyumba inayotaka kurudisha cha tatu.

"Nikikalishwa tena kwenye kiti nitaota mizizi," anasema njiani. Anacheka, lakini mkanda wa mkoba ameushika kwa mikono miwili.

Nyumba ni ya mwokaji mikate anayeishi na mke, watoto watatu na mama mkwe wake, mkunga mstaafu. Asubuhi hii bibi yuko peke yake. Watoto wako shule, binti yake yuko kazini, na mkwe atatoka kwenye tanuri adhuhuri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kulichukua jambazi lako?"

Bibi hana mzaha. Kisanduku hiki, anasema, kinaiba. Mkwe wake ananunua bando la intaneti la mwezi, wiki ya pili haijafika mwisho limeisha. Mkwe amewahoji watu wote wa nyumba nani anatazama usiku. Wote wamekana. "Akasema, kikulacho ki nguoni mwako. Akamnyang'anya mjukuu wangu mkubwa simu, maana ndiye anayechelewa kulala. Mtoto analia, anaapa si yeye. Nami nikasema, huyu mtoto namjua, hasemi uongo. Mwizi ni hicho kidude. Kirudi kilikotoka."

Mama Rimoti anaisogelea televisheni. Anapenda kwanza kutazama. Televisheni imezimwa na imefunikwa kwa kitambaa cheupe cha kufuma, chenye maua pembeni, kilichoshuka hadi chini ya kabati. Anaingiza mkono chini ya kitambaa na kukigusa kisanduku. Kina moto kama mkate uliotolewa sasa hivi.

"Mama, asubuhi hii nani amewasha televisheni?"

"Hakuna. Jana usiku nilizima mimi mwenyewe. Kila siku wa mwisho kulala ni mimi. Nazima, nafunika."

"Unazima wapi?"

Bibi ananyanyuka na kumwonyesha, kwa fahari kidogo, kitufe kilichojificha ubavuni mwa televisheni. Hivyo ndivyo alivyozima televisheni maisha yake yote. Mama Rimoti anaondoa kitambaa, anabonyeza kitufe hichohicho. Kioo kinawaka. Mwanamume na mwanamke wanagombana bustanini, katikati ya sentensi, na juu pameandikwa sehemu ya arobaini na moja.

Usiku kucha walikuwa wakigombana. Kitufe kile kinazima kioo tu. Nyuma yake, chini ya kitambaa, kisanduku kiliendelea kuleta sehemu baada ya sehemu na kula bando, hakuna wa kukitazama, na tamthilia hii si ya zile zinazouliza kama bado unatazama.

Kisanduku hiki kilipofungwa, Mama Rimoti alimwonyesha bibi namna ya kukizima kwa rimoti. Alimwonyesha mara mbili. Hilo wote wawili wanalikumbuka, inaonekana wazi kwa jinsi wanavyokwepana macho.

Bibi anakaa taratibu. Mikono iliyowapokea watoto wasiohesabika imelala mapajani, haina kazi. Anaanza kusema kitu kuhusu mjukuu wake, kinamshinda. Kisha anasema kwa sauti ya chini kabisa, "Mwanangu, mimi ni mtu mzima ninayekaa kwa mkwe."

Kukaa kwa binti ni jambo moja. Kula cha mkwe, kumgombanisha na wanawe kwa wiki tatu, halafu iwe ni wewe, hilo ni jambo jingine.

Hapo mlango unafunguka. Mwokaji anaingia na unga kwenye nyusi. Anamwamkia mama mkwe wake kwa heshima zote, kisha anamgeukia mgeni. "Haya, fundi. Mwizi kapatikana?"

"Kapatikana," anasema Mama Rimoti. "Ni mimi."

Anaeleza kwamba alisahau kuwaonyesha namna ya kuzima, kwamba kosa ni la fundi, kwamba watu wa nyumba hawahusiki hata kidogo. Mwokaji anamsikiliza mpaka mwisho. Anashukuru kwa kuambiwa ukweli. Kisha, kwa haki kabisa, anachukua simu na kupiga dukani kudai alipwe bando lake.

Mama Rimoti anatumia muda uliobaki kukipanga kisanduku kisimame chenyewe kila sehemu inapoisha, na kumwonyesha bibi tena kitufe chekundu cha rimoti. Bibi anakibonyeza, anakibonyeza tena, hainui uso.

Jumatatu Mama Rimoti yuko kaunta. Bando limelipwa kutoka kwenye malipo yake. Anauza betri na balbu, anarudisha chenji, anatabasamu inapobidi. Alipoulizwa na mwandishi wa makala hii kwa nini hakusema kweli, alikunja uso. "Ningesemaje? Kazi hupatikana. Yule mama angeipata wapi tena heshima yake?" Lakini hakuficha kwamba inamuuma. Alisema usiku halali vizuri, na kwamba mgongo umekumbuka kiwanda.

Jumatano, bibi anaingia dukani. Amevaa nguo zake za kutokea na amekuja kwa miguu. Anampita Mama Rimoti bila kumsalimia na kumwendea mwenye duka.

"Wewe ndiye mwenyewe?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nimekuja na kosa langu. Huyu alinionyesha kuzima, tena mara mbili. Nikaona ananifundisha mambo ya kitoto, nikawa naitikia tu. Bando nimekula mimi."

Shemeji hajui aangalie wapi. "Na mkwe wako anajua?"

"Nimemwambia jana, mbele ya wajukuu. Wanawake wangapi nimewaambia mficha uchi hazai? Halafu nijifiche mimi? Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akamwita yule mtoto, akamwomba radhi na kumrudishia simu yake. Na mimi nikamwomba." Anaegemea kaunta. "Sasa nisikilize, baba. Kumpokea mtoto ni kazi ya saa chache. Kazi yenyewe ni kurudi. Siku ya tatu unakwenda kwa mzazi, anakwambia yuko salama, unamtazama macho, unajua hayuko salama. Ungebaki zahanati ungejuaje? Huyu angebaki kwenye hicho kiti, mimi ningekurudishia kidude chako, na mtaa mzima ungeambiwa kinaiba."

Shemeji anapangusa kaunta ambayo haina vumbi. Anaipangusa kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha, bila kuinua macho, anamuuliza Mama Rimoti, "Shemeji, kesho una nyumba ngapi?"

"Nne," anajibu. Ndipo bibi anapogeuka kumsalimia, na wawili hao wanashikana mikono kwa muda mrefu kuliko salamu inavyohitaji.

Siku hizi Mama Rimoti ana mpango. Amezungumza na mwenzake wa zamani kiwandani, mshona mifuko ya mashati, ili wagawane mitaa, kwa kuwa nyumba zimekuwa nyingi. Shemeji hajakubali wala hajakataa, na kwa jinsi Mama Rimoti anavyomjua, hiyo ni nusu ya ndiyo.

Akiulizwa yeye binafsi anaomba nini, hafikirii sana. "Binti yangu anaolewa mwakani," anasema huku akivaa mkoba. "Na mimi nitazeeka. Nitakaa kwa mkwe, kwenye sebule iliyojaa vitu nisivyovijua. Atakayekuja kunifungia vitu hivyo, namwomba asifunge tu akaenda zake."