Vichwa vya samoni ni vyangu, sina paka

Sina paka. Leo nimetangaza hivyo mbele ya foleni nzima.

Nilikuwa dukani hapa Malton, ughaibuni, na binti yangu Neema wa miaka kumi na sita, nikaomba vichwa vitatu vya samoni. Muuza samaki akacheka: "Una paka wangapi, mama?"

Neema akaninong'oneza, "Mwambie wawili, tuondoke."

Jamani! Mtoto niliyemkuza kwa supu ya vichwa hivyohivyo. (Mama wenzangu, yamewakuta?)

Nyuma yetu kulikuwa na mzee aliyewahi kufanya kazi misituni kule British Columbia. Akadakia: "Hata dubu wa kahawia huanza na kichwa."

Akaeleza kwamba kwenye vijito vidogo maji ni haba, samoni anapita mgongo uko nje, hana pa kukimbilia. Dubu anambana chini kwa kiganja, anakula ubongo, mayai na ngozi. Samaki wakiwa wengi, minofu anawaachia ndege!

Mimi niliishia darasa la saba. Dubu hakuingia hata la kwanza. Mungu katufundisha sote wawili mafuta yalipo.

Nikamgeukia muuzaji: "Sina paka, kaka. Nakula mwenyewe. Weka vitano."

Akavifunga vyote vitano. Neema anatazama viatu vyake.

Sasa supu iko mezani, ina ndimu na pilipili. Tumeomba, tumesema amina. Nani kawahi kuvuta bakuli lenye kichwa kikubwa? Neema!

Basi yule kaka nimemdanganya. Paka ninaye mmoja, ana miaka kumi na sita.