Juzuu ya Mheshimiwa

Kila Shaaban, kabla ya Ramadhani kuingia, tunawasomea wazee wetu hitma. Baba alitangulia. Mama alimfuata nilipokuwa kidato cha pili, na sikurudi tena darasani. Nikawa napika mikate ya ufuta na kuiuza mlangoni mwa nyumba yetu ya Mji Mkongwe, na mikate hiyo ndiyo iliyowasomesha wadogo zangu wawili. Wa kiume leo ni fundi wa vespa. Kitindamimba, ambaye mama alimwacha hajaanza hata kusimama, ana stashahada ya ualimu, na ulikuwa mwaka wa tatu akingoja ajira.

Hitma yetu ni ndogo. Sanduku la juzuu tunaliazima msikitini. Msahafu wake umegawanywa vijitabu thelathini. Kila mtu anachukua kimoja, anakisoma, akimaliza anakiweka upande wa vilivyosomwa. Mwepesi wa kusoma huchukua cha pili. Mpaka vyote vimalizike, dua haiombwi wala sinia haliletwi. Mama alikuwa mkali kwa hilo. Hitma iliyorukwa juzuu moja, akisema, ni kanzu yenye mkono mmoja.

Mwaka huo ulikuwa wa uchaguzi. Wiki moja kabla ya hitma alikuja bwana mmoja aliyemfanyia kazi mtu aliyekuwa akitaka kiti cha uwakilishi. Alikula mkate wangu, akausifu, kisha akasema mheshimiwa wake amesikia tuna hitma na angependa kuja, na kwamba gunia la mchele liko garini, barabarani, kwa kuwa gari haliingii kichochoroni. Nikiwa bado natafuta la kujibu, akaniuliza habari za mdogo wangu mwalimu. Jina lake alilijua. Akasema mambo kama hayo mheshimiwa anaweza kuyatazama.

Jirani yetu wa chini, aliyekuwa akifagia kizingiti chake, alisema bila ya kuinua kichwa, "Mwaka huu hata paka wa kichochoro hichi watapewa fulana."

Mchele niliukataa. Hitma ya mama naipika kwa jasho langu, na hilo halikunipa taabu kulisema. Taabu ilikuwa ile ajira. Nilikuwa nimemwona mdogo wangu akilipiga pasi baibui lake kila alipoitwa kwenye usaili, akarudi jioni akalitundika tena. Basi nikajibu kwamba hitma haina mwaliko, atakayekuja na aje asome. Nilijua nimefungua mlango, na nilijua nimeufungulia nini.

Mdogo wangu wa kiume alikasirika. Alisema watu hao hutukumbuka kila baada ya miaka mitano, wakatushika mabega na kutuita ndugu, na ukiwafuata baadaye huambiwa wamesafiri. Alisema hatokaa mkeka mmoja na mtu anayetafuta kura juu ya kaburi la mama. Kitindamimba alikaa pembeni na ungo. Alikuwa akichagua mchele, na alipoumaliza akauchagua ule ule tena.

"Wewe njoo kwa ajili ya mama," nikamwambia kaka yake. "Huyo mwachie Mungu."

Alikuja. Baada ya alasiri wanaume walikaa uwandani kwenye mikeka, wanawake tukawa ghorofani, madirisha ya kuelekea uwandani tumeyaacha wazi. Mheshimiwa aliingia na watu watatu, mmoja ana kamera. Wazee akawaamkia mmoja mmoja, kwa adabu nzuri. Yule bwana aliyekula mkate wangu akainama kumnong'oneza mdogo wangu. Baadaye nilikuja kujua alimwombea mheshimiwa dakika tano za kuzungumza. Mdogo wangu alitoa juzuu sandukuni akampa mheshimiwa kwa mikono miwili, kama alivyompa kila mtu.

Akaifungua. Wa kamera akapiga picha. Nilimwona midomo ikitembea, nikasema nafsini mwangu, huenda tumemdhulumu mtu huyu. Kisha akatoa simu, akaitazama. Akaifunga juzuu, akaiweka juu ya zile zilizosomwa, akaweka mkono kifuani kuaga, akatoka na watu wake. Pengine aliitwa kwa dharura, sitaki kumsingizia. Lakini angeweza kuirudisha sandukuni.

Kisomo kiliendelea. Juzuu ya mwisho ilipomalizika, mzee wa kuomba dua akakohoa kujiweka tayari. Hapo mdogo wangu akaitoa ile moja kwenye rundo, akapanda ngazi mpaka mlangoni kwetu.

"Dada, hii haijasomwa. Hajafika hata ukurasa wa pili."

Nilinyoosha mkono, lakini wa kitindamimba ulitangulia. Alikaa chini ya dirisha akaanza tangu mwanzo, kwa sauti aliyofundishwa katika chuo cha Kurani, wazi, bila ya haraka. Pilau ilikuwa ikipoa. Uwandani mtu mmoja alinong'ona kwamba tumbo lake halina subira, wakamcheka na kumnyamazisha, wakakaa kumsikiliza msichana.

Kitindamimba hamjui mama ila kwa picha moja. Nilikaa nyuma yake nikiyatazama mabega yake. Miaka yote nilidhani mimi ndiye ninayemsomea mama, na wadogo zangu wanakuja kunisaidia kubeba masinia.

Alipomaliza, dua ikaombwa.

Siku ya pili yule bwana alirudi. Alitaka nakala za vyeti vya mdogo wangu, na nambari ya kadi yake ya kupigia kura, kwa kumbukumbu tu, alisema. Nilimwita ashuke ajibu mwenyewe. Maisha ni yake, na nilikuwa nshaamua kutomlaumu kwa jibu lolote. Akashuka, akamwamkia kwa heshima, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Vyeti nshavipeleka wizarani mwenyewe," akasema. "Na kadi yangu n'nayo."

Bwana akatabasamu, akangoja. Kisha akanigeukia mimi, kwa kuwa ndiye mkubwa. Nikamwambia ameshajibiwa.