Siku Mkanda wa Gari Uliponivua Leso Mbele ya Baba Mkwe

Nianze na aibu yenyewe ili tusisumbuane baadaye: mimi, mama wa watoto watatu, mjane, mwimbaji wa kwaya ya akina mama, nilivuliwa leso na injini ya gari mchana kweupe, kwa uwanja wa nyumba zetu hapa Komarock, baba mkwe wangu akiwa amesimama hatua kumi kutoka hapo, na nyuma yangu kulikuwa kumeandikwa KILO 50. Najua mmeshasikia, mtaa huu hauwezi kulala na neno tumboni, lakini mlisikia kutoka kwa watu waliokuwa juu kwenye roshani, na wale waliona mgongo tu. Leo nasimulia mimi niliyekuwa ndani ya kaptula. Na majina nitayataja, kwa sababu wao walipokuwa wakitaja langu hawakutetemeka.

Wa kwanza ni shemeji yangu Barasa, mdogo wa marehemu mume wangu Wekesa. Wekesa aliniachia watoto, akaniachia kikohozi kilichokuja kuitwa TB (nilimeza dawa miezi sita nikapona, ingawa kuna watu walishaanza kuniaga kwa macho), na akaniachia steshen wagoni nyeupe. Hiyo gari ndiyo inayopeleka chapati na maharagwe yangu Industrial Area kila siku saa sita, nafungua buti nje ya geti la kiwanda na vibarua wanakula wamesimama. Nilisoma mpaka darasa la tano, hakuna ofisi inayonitafuta. Bila gari watoto hawali, ni hivyo tu. Na Barasa alilijua hilo, lakini tangu matanga alikuwa akiizunguka ile gari akigongagonga milango kama mtu anayechagua tikiti sokoni. "Shem, hii chuma itakufia mkononi," alikuwa akiniambia. "Lete mimi niitunze. Ni jasho la ndugu yangu hili."

Wa pili ni Musyoka, fundi wa pale kona, mwenye ovaroli safi kuliko nguo zangu za kanisa, na ningejiuliza mapema kwa nini ovaroli ya fundi ni safi.

Siku moja taa nyekundu yenye picha ya betri iliwaka kwa dashibodi na ikakataa kuzima. Nikaenda kwa Musyoka. Hakupima kitu, alitazama tu boneti ikiwa wazi, akavuta pumzi, akasema, "Mathe, betri imechoka." Akaniwekea betri nyingine. Tukawasha gari, taa bado iko pale pale. Akakuna kichwa, akasema, "Hiyo sasa ni taa tu inadanganya. Gari za siku hizi zinapenda kulalamika." Akakata kipande cha tepu nyeusi, akakibandika juu ya taa, akakilainisha na kidole gumba kama anayefunga kidonda. Na hapa ndipo ujinga unakuwa wangu, maana mimi nilisema asante. Nilifurahi, hata. Ile taa ilikuwa ikinitazama kama mwenye nyumba tarehe tano, na sasa ilikuwa imefungwa macho.

Siku ya nne baba mkwe, Mzee Simiyu, akaja Nairobi kutoka Bungoma kumwona mwanawe Barasa, na Barasa (ambaye siku hiyo alikuwa na shughuli, huwa ana shughuli kukiwa na mzigo) akanipigia simu nimchukue mzee kwa stendi ya mabasi nimpeleke kwake Mbotela. Lazima nieleze kidogo kwa wasio wa kwetu. Kwetu mke wa mtu na baba mkwe hawashikani mikono, hawakai kiti kimoja, hawatazamani usoni, na mguu wako juu ya goti baba mkwe hapaswi kuuona mpaka kaburini. Kwa hiyo mzee alikaa nyuma, upande ule mwingine, ameshika kuku wake kwapani, mimi naongea na kioo cha mbele na yeye anaongea na dirisha. Mvua ikaanza. Nikawasha taa, nikawasha waipa. Waipa zikaenda, halafu zikaenda polepole, halafu zikasimama katikati ya kioo kama mtu aliyesahau alichotumwa. Nikapiga honi, ikalia kama mbuzi mgonjwa. Kwa raundabauti ya Jogoo Road injini ikanyamaza kabisa, magari nyuma yangu yote yakaanza kunitukana kwa honi zao nzima, na madirisha ya umeme yakakataa kufunguka, tukabaki ndani na joto letu, mimi, mzee na kuku.

"Mama," mzee akaliambia dirisha, "hapa ndipo tunapofika?"

"Hapana, Baba. Gari imekata tu kidogo."

Imekata kidogo. Watu walitusukuma mpaka kando, mzee akashuka akasimama kwenye matope na viatu vyake vya safari, na Barasa, ambaye shughuli zake ziliisha ghafla aliposikia niko kwa aibu karibu na kwake, akaja na mwavuli mmoja. Aliongea mbele ya wote waliosimama pale. Akasema nimemwaga mzee barabarani, akasema ndugu yake huko aliko amegeuka kaburini. Mzee alimsikiliza mpaka akachoka, kisha akatoa neno lake, na neno lake kwetu ndilo la mwisho. "Leo ni Jumatatu. Jumamosi nitafika kwa huyu mama mwenyewe. Nikikuta gari inatembea, ni yake na watoto, na sitaki kusikia tena. Nikikuta imelala, Barasa ataichukua."

Barasa akanisindikiza kwa sauti ya chini. "Nitakuja na lori la bredauni kabisa kuivuta, Shem. Nisikupotezee muda."

Usiulize nililala vipi. Asubuhi, gari ikiwa imeshavutwa mpaka uwanjani kwetu, niliteremka nikakaa kwenye ngazi natazama ile boneti, na jirani yangu wa chini, Baba Achieng', akaniuliza nalia nini. Huyu mzee alikuwa fundi wa umeme wa reli miaka yake yote, sasa macho yamefunikwa na ukungu, anakujua kwa hatua zako. Nikamweleza yote, mpaka ile tepu.

Akauliza, "Huyo Musyoka alipima na nini?"

"Na macho."

"Basi hata mimi ningepima hivyo," akasema, na macho yake yale.

Akanituma chini ya kitanda chake nitoe kisanduku, ndani mna kipima umeme chake cha kazini. Yeye hawezi kuona namba, mimi sijui maana ya namba. Tukawa fundi mmoja. Tulipeleka betri ikachajiwe, tukairudisha, nikaweka nyaya mbili za kipimo kwenye vichwa vya betri, injini ikiwa imezimwa. "Soma," akasema. Nikasoma, kumi na mbili nukta sita. "Betri yako ni nzima. Sasa washa gari." Nikawasha, nikasoma tena: kumi na mbili nukta mbili. Halafu nukta moja. Halafu ikaanza kuteremka huku natazama.

"Ingekuwa inapanda," akasema Baba Achieng'. "Injini ikizunguka, altaneta inatakiwa kumlisha betri, namba ifike kumi na nne hivi. Huyu betri wako anafanya kazi na halishwi. Analipa kila kitu peke yake, taa, waipa, honi, mpaka anazimia." Alipoongea hivyo nilimwelewa huyo betri kuliko ninavyowaelewa watu wengi wa ukoo wa Wekesa.

Lakini hakuniacha nirukie. Akanifanya nibonyeze na kidole mkanda wa injini unaoizungusha altaneta, ulikuwa umekaza. Akanifanya nikague fyuzi kubwa na waya mnene wa nyuma, vyote vizima. Nikapima nyuma ya altaneta yenyewe, namba ile ile maskini. "Sasa ndiyo unaweza kumtaja mwenye makosa," akasema. "Kabla ya hapo ni umbea."

Jumatano nilianza kuing'oa. Kwanza nikatoa waya wa hasi kwa betri, na hilo alinirudishia mara tatu kama mwalimu wa Jumapili, maana ukiacha ule waya na spana yako iguse pabaya utaona radi bila mvua. Nilivaa kaptula nyekundu ya Wekesa ya kuchezea mpira, kwa sababu sketi na kulala chini ya gari havipatani. Kaptula ilikuwa imepasuka kwa makalio tangu enzi za timu ya wazee wa mtaa, na Wekesa mwenyewe, si mtu wa kutupa kitu, aliitia kiraka cha gunia la unga, upande ulioandikwa KILO 50. Niliona maandishi hayo nikijiambia nani ataangalia. Bolti ya juu ikatoka vizuri. Ya chini ilikuwa imekula kutu, nikaimwagia mafuta, nikaingoja siku nzima, Alhamisi nikachomeka bomba kwenye spana nikasimama juu yake na uzito wangu wote, na kwa mara ya kwanza maishani nilishukuru kwa uzito huo. Ikalia krrr. Majirani kwenye roshani wakapiga makofi, na mama mmoja wa ghorofa ya tatu akauliza kama kilo zote hamsini zimetumika. Ndipo nikajua nani anaangalia.

Ijumaa nikaibeba ile altaneta iliyokufa kwenye kikapu cha chapati mpaka Industrial Area, kwa wauzaji wa vipuri vilivyotumika, nikaweka yangu na yao bega kwa bega, nikalinganisha mifereji ya puli inayopitisha mkanda, matundu ya bolti na tundu la soketi, mpaka muuzaji akaniuliza nina gereji wapi. Nikamwambia Komarock.

Jumamosi asubuhi niliifunga ile niliyonunua. Bolti ya chini, ya juu, soketi, waya mnene na nati yake, mkanda nikaukaza kwa kiasi, waya wa betri mwisho. Nilikuwa nimebakiza kuwasha nikasikia bredauni inanguruma kwa geti, na kwenye kiti cha mbele naona kofia ya Mzee Simiyu.

Mapaja yangu yalikuwa nje. Sikuwa na dakika ya kupanda ghorofani, nikanyakua leso kutoka kamba ya nguo, nikajifunga juu ya kaptula haraka haraka, fundo la uongo, ncha zinaning'inia mbele. Kwa heshima, mnielewe. Kama ningekuwa mwanamke asiye na adabu hakuna kitu kingetokea.

Barasa alishuka na mnyororo mkononi tayari. "Haya Shem, tusichelewe."

Nikaingia ndani, nikabandua tepu ya Musyoka na ukucha, nikageuza ufunguo. Taa nyekundu ikawaka. Nikamaliza kugeuza, injini ikashika, na ile taa ikazima. Ikazima yenyewe, bila tepu, jamani nilikaa pale nikaitazama gizani mwake kama picha ya mtoto. Baba Achieng' alikuwa ameegemea ukuta. "Soma namba," akaniita, "usiimbe kabla ya namba."

Nikashuka, nikashika kipimo, nikainama juu ya injini. "Kumi na nne nukta mbili," nikasoma kwa sauti ya kwaya, uwanja wote usikie, nikainama zaidi ili Barasa aone ninavyoinama kama fundi, na ncha ya leso ikagusa mkanda.

Sikuhisi mvuto, nilihisi upepo. Ile leso ilizunguka mara mbili ikapita kwa puli ikatemwa chini nyeusi na imechanika, na mimi nimeshika kipimo juu kama mwenge, nimegeuka nikimbie, na kiraka cha Wekesa kinawaangalia wote. Roshani zikalipuka kwa kicheko.

Mzee Simiyu alishageuka. Sijui aliona nini na sitauliza. Alikuwa ametazama ukuta, kofia ameishusha mpaka kidevuni, mkono juu ya kofia. Barasa akaanza, "Mnaona? Mnaona mwanamke huyu..."

"Barasa," mzee akasema ndani ya kofia. "Nyamaza nisikie."

Tukasikia wote. Haikukohoa wala kupiga kelele. Mkanda haukuteleza hata baada ya kumeza leso nzima.

"Hiyo inayonguruma ni gari gani?" mzee akauliza.

"Ni ya mwanao, Baba," nikajibu nikiwa nimechutama nyuma ya mlango.

"Nani ameitengeneza?"

Baba Achieng' akajibu. "Ni huyo huyo uliyemgeuzia mgongo, mzee mwenzangu. Mimi nilikuwa mdomo tu."

Kofia ikatikisika kidogo. "Basi gari inatembea. Nilisema neno na nimelimaliza. Barasa, rudisha mnyororo wako kwa lori, halafu uende dukani umnunulie mama wa watoto leso mpya, kwa sababu wewe ndiye uliyenileta mahali nisipopaswa kuona." Akaongozwa mpaka kwenye bredauni kinyumenyume, na kofia haikupanda mpaka lori lilipotoka geti.

Leso ililetwa jioni hiyo. Barasa aliikabidhi kwa binti yangu bila kuniangalia, yeye naye sasa ameanza heshima. Musyoka nilipita kwake Jumatatu nikambandikia tepu yake kwenye ile ovaroli safi, kifuani, nikaondoka.

Wananiita Mama Kilo Hamsini, na mimi huitika. Nimejiapiza kwamba taa yoyote itakayowaka kwa gari yangu nitaitazama usoni, na kwamba leso nitajifunga boneti ikishafungwa, hata aje nani. Lakini saa sita kamili nikifungua buti kwa geti la kiwanda, na vibarua wakipiga kelele za lile jina, huwa naacha injini iendelee kunguruma kidogo kabla ya kuizima, nione taa ile haiwaki, kisha nawapakulia maharagwe.