Printa mbili tulizozipa jina la marehemu, na mtihani uliotaka kuvuja chuoni kwetu Dodoma

Wakuu, namshukuru Mungu aliyenifikisha umri huu nikiwa na macho ya kusomea na vidole vya kuandikia. Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba.

Nimeona vijana humu wanauliza domain name ina kazi gani wakati kila kifaa kina IP address. Nitawajibu kwa jambo lililonipata mwenyewe. Sijaongeza chumvi.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa mwalimu wa taaluma katika chuo kidogo cha Biblia nje ya mji wa Dodoma. Tulipata kompyuta chache na printa mbili, moja ya ofisini, moja ya maktaba. Fundi wetu Kassimu akaziunganisha zote kwa network.

Alitufundisha vizuri. Mashine zenyewe zinajuana kwa namba, ndiyo hiyo IP address. Sisi binadamu namba hatuzikumbuki, kwa hiyo ipo server inayotunza majina. Ukitaja jina, inakupa namba yake.

Akasema kila kamati iipe printa yake jina.

Sasa, Ugogoni kwetu mtu mwema akifariki jina lake haliachwi lipotee, wajukuu wanapewa. Na mkuu wetu wa chuo, Mchungaji Yona, tulikuwa tumemzika mwaka uliotangulia. Kamati ya ofisi ikaiita printa yake Yona. Kamati ya maktaba nayo, bila kuuliza mtu, ikaiita yake Yona.

Server haikugoma. Ilichofanya ni kutoa namba za printa zote mbili kwa zamu. Leo ukituma kazi kwa Yona inatoka ofisini, kesho inatoka maktaba.

Tukazoea. Tukasema ndiyo teknolojia.

Mpaka siku nilipochapa mtihani wa mwisho wa darasa la kuhitimu, wa kufanywa kesho yake asubuhi. Ukivuja, unafutwa, na mahafali yanaahirishwa. Wazazi walishaanza safari kutoka vijijini na mbuzi zao.

Nikabonyeza print. Printa ya ofisini kimya.

Simu ya mezani ikalia. Alikuwa Dada Esta, mkutubi wetu.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba. Habari za maktaba?"

"Nzuri. Naomba uje. Siwezi kusimama."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nimekalia mtihani."

Nilikwenda kwa mwendo ambao haukufaa umri wangu hata wakati ule. Nikamkuta ametulia kwenye kiti, kitenge kimetandazwa vizuri, na darasa zima la kuhitimu limemzunguka.

"Dada Esta, inuka tu tukupishe upite," mmoja anamwambia kwa upole mwingi.

"Nimechoka, mwanangu. Ninyi nendeni mkasali."

Niliwatoa wote nje ndipo akainuka. Akaniambia karatasi zilitoka za moto sana, na amevumilia kwa ajili ya Bwana.

Kassimu alipoitwa alicheka mpaka akakaa chini. "Wazee wangu, ndani ya network moja jina moja lisiwe na mashine mbili. Moja ibadilishwe."

Hapo ndipo shughuli ilipoanza. Nani aende kufuta jina la marehemu? Kamati ya ofisi ikakataa. Ya maktaba ikakataa. Tukafunga safari hadi Buigiri kwa mjane wake, Mama Mchungaji, atuamulie.

Alitusikiliza, akauliza, "Hizo mashine zina tabia gani?"

Tukamweleza. Ya maktaba ni kimya na haina usumbufu. Ya ofisini inanguruma kabla ya kuanza kazi, na ukiiharakisha inasimama kabisa.

"Ya ofisini ndiye Yona," akasema. "Hiyo nyingine iteni mnavyotaka. Simjui."

Mtihani ulifanyika salama. Wote walihitimu isipokuwa mmoja, ambaye, Mungu anisamehe, hata angeuona asingefaulu.

Funzo langu, wakuu: kabla hujakipa kifaa jina, uliza kama kuna kingine kinachoitikia jina hilo. Mkilazimika kulitumia kwa wawili, ongezeni wanapokaa, mfano yona.ofisi na yona.maktaba. Kassimu alitufundisha hilo baadaye, tukiwa tumeshachoka.

Wataalamu nisahihisheni nilipokosea. Na wewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akulindie nyumba yako, na kila unachokituma kifike kwa uliyemkusudia.